Zawadi ya filme mbaya: wanacheka nini, na sisi tucheke nini?

Wakati tulikuwa tunatayarisha siku ya utamaduni ya shirika letu, vijana walileta ombi katika komite. Walisema: wazee, kila mwaka munatoa zawadi kwa mwimbaji, kwa mucheza ngoma, kwa mama mwenye kusuka kikapu kizuri. Sasa tunaomba zawadi moja ya kuchekesha, iende kwa filme mbaya kupita zote zilizotengenezwa hapa mujini. Wakaongeza sababu: hata Wamarekani wako nayo, na mabingwa wao wanakuja kuipokea mbele ya watu. Katika komite wengine walicheka, wengine walikasirika. Mimi nikapewa kazi ya kuandika mawazo yangu katika kitabu hiki, mbele ya kuamua. Basi, ndugu musomaji, soma kisha utuambie.

Kwanza tuelezane hiyo mambo ya Wamarekani, juu wengi wanaisikia tu kwa jina.

Mwaka 1981, kule Los Angeles, mutu mumoja anayeitwa John J. B. Wilson, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika matangazo ya filme, alialika marafiki nyumbani kwake usiku wa Oscar. Oscar munaijua, ile sanamu ya zahabu wanayopewa wale waliofanya vizuri katika sinema. Wilson alikuwa ametoka kuona filme mbili kwa senti 99, Can't Stop the Music na Xanadu, na akaona hata senti hizo zimepotea bure. Usiku ule akawaomba wageni wake wapige kura: ni filme gani ya mwaka iliyo mbaya kupita zote? Can't Stop the Music ikashinda. Muchezo wa nyumbani ukawa desturi, na desturi ikapata jina: Golden Raspberry, kwa ufupi Razzie.

Raspberry ni tunda dogo jekundu, framboise kwa Kifaransa, na ndugu zake wa pori wako katika milima yetu ya Kivu. Lakini kwa Waingereza na Wamarekani neno hilo ni pia jina la sauti ya matusi: mutu anatoa ulimi katikati ya midomo na kupuliza. Sisi kwetu mwenye kuzarau anasonya, wao wanapuliza. Zawadi yenyewe ni tunda kubwa sawa na mupira wa golfu, limewekwa juu ya gurudumu la filme ya zamani, lote limepakwa rangi ya zahabu. Wilson alisema bei yake haifike hata dola 5. Na kwa desturi wanaitangaza siku moja mbele ya Oscar, ili yule wa leo acheke na yule wa kesho alie kwa furaha.

Vijana walisema kweli: kuna mabingwa waliokuja kuipokea. Wa kwanza alikuwa Muholanzi, Paul Verhoeven, mwaka 1996, kwa filme yake Showgirls. Mwaka 2005 alikuja Halle Berry, mwanamuke mweusi wa kwanza aliyepata Oscar ya muchezaji mukuu, mwaka 2002. Alipewa Razzie kwa filme Catwoman, akaingia jukwaani na Oscar yake mukono mumoja na Razzie mukono wa pili, akaeleza kwamba mama yake alimufundisha hivi: asiyejua kushindwa vizuri hatajua kushinda vizuri. Mama mwenye kulea mutoto namna hiyo, tuseme kweli, angeitwa mama mwenye akili katika kijiji chochote chetu. Na mwaka 2010 Sandra Bullock alikuja na kigari kimejaa diski za filme yake, All About Steve, akazigawia watu wa ndani, akawaomba waiangalie kweli kweli. Kesho yake akapata Oscar kwa filme ingine.

Musikilize vizuri hiyo ya Bullock, kwa sababu ndani ya kichekesho kuna mashitaka. Yeye alikuwa anawaambia: munanihukumu na hamukuona. Wapiga kura wa Razzie ni watu waliolipa feza ya kuingia katika chama, na hakuna anayewalazimisha kuona filme wanayoichekelea. Hapa kwetu muzee anayekata maneno ya watu bila kusikiliza pande mbili, hata kama ni mwenye cheo, siku ya pili hatamuona mutu barazani.

Na kweli, walikosea mara nyingi. Mwaka ule wa kwanza walimutaja Stanley Kubrick kama mwongozaji mubaya, juu ya The Shining, filme ambayo leo wanaifundisha katika masomo ya sinema. Wakamutaja na muchezaji wake, Shelley Duvall; walingoja mpaka mwaka 2022 kufuta jina lake. Walimutaja Ennio Morricone, yule Mwitalia wa muziki, juu ya muziki wa filme The Thing ya mwaka 1982. Mwaka 2016 Morricone akapata Oscar kwa filme ingine, na ndani ya filme hiyo kulikuwa na muziki aliouandika kwa The Thing na haukutumiwa. Hapo nani alichekwa?

Kukosea si ajabu, hata wazee wanakosea. Lenye kuniumiza ni lingine. Mwaka 2000 walimupa zawadi Jar Jar Binks, kiumbe wa masikio marefu katika filme ya Star Wars. Kiumbe hakiwezi kusikia haya. Lakini ndani yake kulikuwa mutu, kijana mweusi Ahmed Best, aliyempa sauti na mwendo. Mwaka 2018 Best alieleza kwamba kejeli za wakati ule, za magazeti na za watu wote, zilimufikisha mahali pa kutaka kujiua. Sisemi Razzie peke yake njo ilifanya vile. Ilikuwa sauti moja kati ya nyingi. Lakini wenye kucheka kwa wingi wanapaswa kujua kwamba kila mumoja anatupa jiwe dogo, na anayepigwa anapokea mawe yote. Mwaka wa kisha, 2023, tuseme miaka mitano kisha Best kusema, wakamutaja mutoto wa kike wa miaka 12, Ryan Kiera Armstrong, kuwa muchezaji mubaya. Dunia ikapiga kelele. Wilson akaomba samahani, wakaweka sheria kwamba hawatamugusa tena mwenye kuwa chini ya miaka 18, na wao wenyewe wakajipa zawadi ya mwaka kwa kosa lile. Hilo la mwisho nalikubali. Kujicheka ni kazi ya wakubwa.

Sasa nifike kwetu. Kwa sababu, ndugu musomaji, nchi yetu imekwisha kupita katika Razzie, na wengi hawajui.

Juni 1995 ilitoka filme yenye jina Congo. Wakati ule sisi wenyewe tulikuwa tunaitwa Zaire, lakini huko Hollywood waliona jina la zamani linauzisha zaidi. Ilitoka katika riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980, na Crichton naye alijenga juu ya hadisi ya zamani ya Mwingereza Rider Haggard kuhusu machimbo ya mufalme Solomono, ya mwaka 1885. Kwa ufupi: kampuni ya simu na satelaiti ya Marekani inatafuta almasi za buluu katika musitu karibu na volkano ya Virunga. Huko kuna muji uliopotea unaoitwa Zinj. Muji unalindwa na gorila wa rangi ya majivu waliofundishwa kuua. Kuna pia gorila mwema, Amy, anayesema Kiingereza kwa njia ya mashine aliyovaa mukononi. Mwisho volkano inapasuka, gorila wabaya wanakatwa na mwangaza wa almasi, Wamarekani wanapanda puto na kwenda zao.

Mimi niliiona kwa kasete, katika nyumba ya vidio ya kartie, miaka ya mwisho ya 1990, mashine ya umeme ikinguruma inje kuliko gorila ndani. Gorila wa kwanza kuonekana, kijana mumoja nyuma akapiga kelele: “Huyu ni mutu, anavaa blanketi!” Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Halafu wapagazi wakaanza kufa mumoja mumoja musituni, na mama mumoja karibu yangu akauliza polepole: “Na hawa, majina yao ni nani?” Hakuna aliyemujibu. Filme haikujua.

Maulizo mawili yale, ya blanketi na ya majina, njo nataka tuyakamate, kwa sababu Razzie iliuliza la kwanza tu.

Mwaka 1996 Congo ilitajwa mara saba: filme mbaya, mwongozaji mubaya, hadisi mbaya, muchezaji wa pembeni mubaya, wimbo mubaya, na Amy yule gorila mara mbili, kama muchezaji wa kike wa pembeni na kama nyota mupya mubaya. Hata wimbo walioutaja ulikuwa na sauti ya Mwafrika wa Kusini, Lebo M, yule wa The Lion King. Mara saba, na haikushinda hata moja! Showgirls ilibeba karibu zote. Hata katika ubaya tulirudi mikono mitupu. (Kati ya chakula cha gorila wa kweli wa milimani kuna majani na matunda ya jamaa ya framboise. Amy angekuwa mutu wa kwanza kufurahia zawadi ile kwa tumbo.)

Soma sasa orodha ile tena na uangalie walichokicheka. Walicheka ngozi ya gorila, sauti ya muchezaji, maneno mabovu, wimbo. Kwa neno moja walicheka ufundi. Hakuna mahali waliposema kwamba filme hii inadanganya.

Na inadanganya sana. Almasi za Kongo, kila mutoto wa shule anajua, ziko Kasai, Mbuji-Mayi na Tshikapa, mbali na volkano za Kivu. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliita pwani ya mashariki ya Afrika na watu wake. Ni la bahari, si la musitu wetu. Gorila wa milimani hauwi watu kwa kazi ya kulinda almasi. Anakula majani, mianzi na miti laini, na akisumbuliwa anapiga kifua ili uende zako. Na katika Virunga wanaouawa ni gorila. Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, kati yao dume mukubwa Senkwekwe, na watu wakawabeba juu ya machela ya miti kama wanavyobeba marehemu wa kijiji. Mwaka ule ule walikuta gorila mutoto wa miezi miwili ameshikilia maiti ya mama yake. Wakamuita Ndakasi. André Bauma alimulea, na mwaka 2021 Ndakasi akafa mikononi mwake. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka wakilinda mahali pale. Hawa wana majina, na wajane wana majina. Filme ya Virunga ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Mwingereza Orlando von Einsiedel, ilionyesha kazi ya walinzi hao na Bauma na gorila zake, na ilitajwa kwa Oscar. Lakini yule aliyeona Congo mbele, na ni wengi zaidi, amekwisha kuweka kichwani musitu wa wauaji wenye manyoya.

Tena filme ilitoka Juni 1995. Julai 1994 watu karibu milioni walivuka kutoka Rwanda na kufika Goma, kolera ikawamaliza kwa maelfu juu ya mawe ya volkano ile ile. Sisi wa Bukavu tulipokea wengine wengi, kila shule na kila uwanja vilijaa. Hollywood ikaangalia upande ule ule wa ramani na kuona muji uliopotea.

Kuna mahali pamoja filme ilikaribia ukweli, na haikujua. Kampuni ya simu inayokuja kuchukua jiwe katika musitu wa Kivu kwa ajili ya vyombo vyake, bila kuuliza wenye musitu! Miaka mitano kisha, bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, tuliona hadisi hiyo kwa macho yetu, na haikuwa na gorila hata mumoja. Mwongozaji mwenye akili angekamata uzi ule. Huyu aliuweka kama sababu ya safari tu, kisha akaukimbilia muji wa Solomono. Mimi kama muhakiki, ubaya wa kwanza wa Congo naukuta pale: ilikuwa na kitu cha kweli mukononi, ikakitupa.

Na si filme moja. Mwaka 1981 kulikuwa Tarzan, the Ape Man, na Bo Derek akapata Razzie ya muchezaji wa kike. Mwaka 1984 Sheena, musichana mweupe malkia wa musitu, iliyopigwa picha Kenya, ilitajwa mara tano. Kisha Congo. Kila mara wanacheka nywele, nguo, matamshi. Edgar Rice Burroughs aliyemubuni Tarzan hakukanyaga Afrika hata siku moja, na hadisi yake imezunguka zaidi ya miaka mia moja. Ukitengeneza Tarzan kwa ufundi muzuri, hawakucheki. Unapita mulango.

Mutu ataniambia: Razzie haina kazi ya kulinda ukweli, ni muchezo. Si hivyo kabisa. Mwaka 2005 walimupa prezida George W. Bush zawadi ya muchezaji mubaya, juu ya namna alivyoonekana katika filme Fahrenheit 9/11. Mwaka 2020 waliweka zawadi mupya ya filme isiyojali maisha ya watu na mali ya watu, wakaipa Rambo: Last Blood. Kumbe wakitaka wanajua kuhukumu tabia. Kwa habari ya Kongo hawakutaka, ao hawakuona kitu cha kuhukumu, na sijui ni lipi lililo zito zaidi.

Hapa nataka nirudi kwa wazee, kwa sababu kitabu hiki ni cha mila. Jirani zetu Warega, wa Mwenga, Shabunda na Pangi, wako na bwami. Bwami ni shirika la ngazi nyingi, ambamo mutu anapanda polepole kwa kufundishwa, na chombo cha kufundishia ni mithali, ngoma na sanamu ndogo za muti ao pembe za tembo. Wabeligiji waliipiga marufuku mwaka 1948, na sanamu nyingi zilikwenda Ulaya, ziko katika vyumba vya vioo. Watu wa Ulaya wanazisifu kwa uzuri. Lakini wanapoziangalia hawajui kwamba kati yake kuna nyingi zinazoonyesha watu wabaya. Kuna Wayinda, mwanamuke mwenye mimba aliyevunja ndoa. Kuna mwenye kiburi, kuna mugomvi. Musanii alitia ufundi wake wote katika sanamu ya mutu asiyefaa.

Warega wana neno busoga, lenye kuunganisha uzuri wa macho na wema wa tabia. Na Kiswahili chetu kinafanya vile vile, ila hatusikii tena kwa kuzoea. Tunasema “mutu muzuri” na hatutenganishi sura na roho. Tunasema “mubaya” kwa yule mwenye sura ngumu, na kwa muchawi, na kwa mwizi. Kwa hiyo nikisema kwa Kiswahili “filme mbaya”, nimesema maneno mawili kwa mara moja, na lazima nijibu yote mawili: imetengenezwa vibaya, ao inatenda vibaya? Razzie inajua jibu la kwanza tu. Wayinda ni kinyume kabisa: imechongwa vizuri, na inakuambia kitu kilicho kibaya.

Tena angalia namna ya kucheka yenyewe. Sanamu ya bwami haina jina la jirani. Yule aliyevunja ndoa anaweza kuwa amekaa pale pale, anaiona, anasikia mithali, anajijua. Wengine wanajua pia. Hakuna anayemunyooshea kidole. Na mwalimu anayeonyesha sanamu ile amefungwa na mithali ile ile, juu siku moja itamurudia. Kicheko kile kinafanywa na watu wanaokaa pamoja na watakaozikana. Kicheko cha Razzie kinatoka mbali, kwa mutu aliyelipa dola zake na hatakutana na Ahmed Best kisimani.

Sisemi kwamba sisi tuko watakatifu. Mimi mwenyewe nimekwisha kukaa katika maonyesho ya filme za vijana wetu na kucheka pamoja na wengine. Sauti inapotea, kamera inatetemeka, baba wa ndani ya filme ni mudogo kwa umri kuliko mutoto wake, jogoo wa jirani anawika katikati ya mazishi. Tunapiga magoti kwa kicheko. Lakini kijana yule aliazima kamera kwa siku mbili, na umeme ulikatika mara nne. Nakumbuka filme moja kama ile, juu ya musichana aliyenyimwa kiwanja cha baba yake na wajomba. Sauti ilikuwa mbaya sana. Mama mumoja mbele yangu alitoka inje akilia, na hakuwa analia juu ya sauti. Kwa kipimo cha Razzie filme ile ingeshinda Congo mbali, kwa ubaya. Kwa kipimo cha Kiswahili chetu?

Na kuna upande wa pili, ambao vijana wenyewe hawataupenda. Kuna filme zinazotengenezwa hapa kwa picha safi na muziki muzuri, ambazo kila mara muchawi ndani yake ni mwanamuke muzee, maskini, mwenye macho mekundu. Katika mitaa yetu wazee wamefukuzwa nyumbani, na wengine wameuawa, juu ya neno hilo hilo. Filme kama hizo wanazisifu: imepigwa vizuri, inafanana na ya Wanigeria! Hizo njo ningezipeleka kwa kicheko, na hata kabla ya kicheko.

Basi maoni yangu kwa komite ni haya. Zawadi kwa mutu, hapana. Zawadi kwa filme ya kwanza ya kijana, hapana kabisa. Kupiga kura bila kuona, hapana. Anayetaka kucheka akae kwanza mpaka mwisho, na mwenye filme awe amekaa katikati yetu. Lakini zawadi kwa uwongo uliovaa vizuri, naikubali, na ninaomba ile ya kwanza iende mbali, kwa Congo ya mwaka 1995, kwa sababu inatuhusu kuliko ilivyowahusu wapiga kura wa Los Angeles, na kwa sababu filme iliyoingiza zaidi ya dola milioni 150 haitakufa kwa kicheko chetu.

Nilipotoa maoni haya kwa mudomo, mbele ya kuyaandika, kijana mumoja aliuliza swali la haki: “Na nani atakuja kuichukua?” Hakuna atakayekuja. Tulizungumuza kidogo tuitume, tuipige picha, tuitupe. Muzee mumoja Murega, ambaye alikuwa kimya tangu asubui, akasema kitu kama hicho hakitumwi. Kinawekwa katika kikapu pamoja na vingine, na kinatolewa siku kunapokuwa mutu ambaye hajafundishwa. Kikapu tutakinunua kwa yule mama aliyepata zawadi ya mwaka jana. Bado hatujapatana ni nani atachonga gorila.